Mwalimu Alitaka Kulinganisha Maziwa

Shughuli nzima ilitugharimu shilingi elfu arobaini na moja na mia sita. Nilipohesabu mara ya pili ikawa elfu arobaini na moja, mia saba na hamsini. Hiyo mia na hamsini ya tofauti ni chai tuliyokunywa Marigat. Mwalimu Wafula anasema aliilipa yeye, mimi nasema niliilipa mimi, na mwenye hoteli hajawahi kulalamika. Kwa pesa hizo tuliona maziwa matatu, na hatukununua ardhi ya kutosha hata kulaza kuku. Lakini katika miaka thelathini na mmoja ya udalali, ya mbuzi kwanza na ya ploti baadaye, sina kazi nyingine ninayoikumbuka nikiwa nimetulia hivi. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, madalali wapya wa Lodwar, mnaouza ploti kwa picha za simu ambazo hata nyasi zake ni za kijani.

Nianze na kosa. Makosa yangu nayajua kwa idadi, na hili ni la kuchekesha kuliko yote.

Mwalimu Wafula alifundisha shule za msingi Kakuma kwa miaka ishirini na sita. Ni mtu wa Kitale. Nilimjua tangu nilipokuwa nauza mbuzi, kwa sababu ndiye mteja pekee aliyewahi kunidai risiti ya mbuzi wa Krismasi. Siku moja akanitumia ujumbe: "Mama Ekal, nimestaafu. Kabla sijanunua nataka kulinganisha maziwa. Wewe una uzoefu. Nisaidie."

Sasa ninyi niambieni. Mtu wa Kakuma akikwambia maziwa, utafikiria nini? Mimi nilifikiria ngamia. Ploti zilikuwa zimelala mwezi ule, na mimi zikilala huwa nauza maziwa ya ngamia. Nikaona mzee kapata kiinua mgongo, anataka kufungua duka la maziwa. Nikatafuta madumu matatu ya lita tano: moja la ngamia, moja la mbuzi, moja la ng'ombe, hili la ng'ombe kwa taabu. Nikayafunga kwa kitambaa kilicholowa na kuyasindikiza kutoka Lodwar hadi Kakuma kama maharusi.

Mwalimu aliyaangalia yale madumu. Kisha akaniangalia mimi.

"Mama Ekal, mimi nataka kununua nyumba. Kando ya ziwa. Nataka kulinganisha maziwa. Ya maji."

"Si ungeandika ziwa?"

"Ningeandika ziwa," akasema, "mke wangu angeuliza ni la nani."

Mkewe, Teresia, alikuwa mlangoni. Alicheka mpaka akakalia lile dumu la ng'ombe, ambalo kwa kweli lilikuwa limeshaganda njiani na lilifaa zaidi kuwa kiti. Lile la ngamia tulilinywa siku mbili. Gharama yake imo kwenye hesabu niliyotaja juu. Sikumsamehe hata tone, kwa kuwa ujumbe ulikuwa wake.

Baada ya kicheko ndipo Teresia akanieleza jambo lenyewe. Alipoletwa Kakuma akiwa bi harusi alitaka kurudi kwao Kitale wiki ya pili. Maji yalikuwa ya kununua kwa dumu, na siku ambazo hayauzwi ilikuwa ni kwenda kuchimba mchanga wa mto Tarach. Mumewe akamwambia: vumilia, siku nikistaafu nitakujengea nyumba ambayo ukifungua mlango unaona maji. Aliahidi kama wanaume wanavyoahidi, akitumaini muda utafuta. Haukufuta. Miaka ishirini na sita mama amekuwa akinunua maji kwa dumu huku akihesabu. Sasa pesa ya kustaafu imekuja, na pesa ile huja mara moja. Ukiikosea hakuna nyingine nyuma yake.

"Kwa hiyo usimpeleke mahali pabaya," akaniambia. "Mimi magoti yangu hayaniruhusu kuzunguka. Mkifika nitapiga simu niulize swali moja tu."

Tukaanza na Naivasha. Ziwa zuri, siwezi kulisema vibaya. Dalali wa kule alikuwa na viatu vyenye ncha na alitembea mbele yetu kama anayeogopa tumuone usoni. Ploti za kugusa maji alizitajia bei, Mwalimu akamwomba arudie, kisha akamwomba aandike, kisha akamrudishia karatasi yake kwa heshima. Basi akatupeleka nyuma, nyuma sana, kwenye kipande alichokiita cha kuona ziwa. Nikasimama pale. Niliona ua wa mtu, nikaona paa la mtu, nikaona mikaratusi.

"Ziwa linaonekana wapi?" nikauliza.

"Ukijenga ghorofa mbili, mama, utaliona lote."

Yaani mtu ananunua hewa, na hewa yenyewe iko juu ya ngazi ambazo bado hazijajengwa. Teresia akapiga simu. Swali lake lilikuwa hili: maji yanaonekana mlangoni? Mwalimu akajibu yanaonekana, ila mlango wenyewe uko ghorofani. Simu ikakatika, na Mwalimu hakusingizia mtandao.

Hapa niseme neno la kazi. Ukipeleka mteja kwenye ploti, hesabu hatua mara mbili: mara moja mkienda, mara moja mkirudi. Ukienda unahesabu kwa tamaa, hatua zinakuwa ndefu. Ukirudi unahesabu kwa njaa, na njaa haidanganyi.

Tulipofika Baringo nilihesabu hivyo. Muuzaji, mzee mpole mwenye kofia, alisema ardhi yake ina hatua mia mbili mpaka kwenye maji. Tukienda nikapata mia moja na ishirini. Tukirudi nikapata mia moja na kumi na nane. Sisemi ziwa lilisogea wakati nahesabu. Nasema tu nilichopata.

Bei ilikuwa nzuri, na Mwalimu akaanza kuulizia bei ya mabati. Mimi nikakumbuka mwalimu wangu mwenyewe, Mzee Hirsi, Msomali aliyenifundisha udalali wa mbuzi sokoni Kakuma. Kwao bei haitajwi kwa mdomo: mnashikana mikono chini ya shuka na vidole vinasema. Mimi mikono yangu ilikuwa na jasho, vidole vikateleza, na mara moja nilinunua mbuzi wanane nikidhani nanunua watatu. Hakunicheka. Aliniambia: "Mtu akikufungulia mbuzi mdomo uone meno, wewe tazama kwato." Maana yake unachoonyeshwa hakina haja ya kutazamwa, kishatayarishwa. Mzee wa kofia alikuwa akituonyesha maji. Nikageuka nikatazama watu.

Palikuwa na mama anakaanga samaki kwenye kibanda cha mabati makuukuu. Nikanunua samaki mmoja, maana mtu haulizwi bure, nikamwuliza amehamia pale lini.

"Hapa? Hii ni mara ya tatu."

"Ulikuwa wapi?"

Akanyoosha mwiko wake kuelekea ziwani. Mbali kidogo majini kulikuwa na vilele vya migunga iliyokufa, na juu ya kimoja ameketi ndege mweupe.

"Jiko langu la kwanza liko pale kwa yule ndege," akasema, na akageuza samaki.

Mwalimu akaacha kuulizia mabati. Mzee wa kofia alipoona tumenyamaza akapunguza bei, kisha akapunguza tena, hakuna aliyemwomba. Liandikeni hili mahali: bei ikishuka yenyewe, na wewe shuka nayo, panda gari, nenda. Tukaenda. Marigat ndipo tukanywa ile chai.

Sasa nikiri. Mtauliza kwa nini mwanamke wa Turkana alimzungusha mzee wa watu mpaka Bonde la Ufa wakati ziwa kubwa kuliko hayo yote liko kwao, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Lodwar. Sababu ni kamisheni. Ukiondoka mjini kuelekea ziwani kwetu, ardhi ni ya jamii. Hakuna mtu mmoja wa kukuuzia wala hati ya kukupa, kwa hiyo hakuna asilimia ya dalali. Nilijua. Nikaanza na maziwa yenye asilimia. Hilo halichekeshi, lakini ni la kweli, na mtu akistaafu anaweza kumudu kusema kweli kidogo.

Ila Mwalimu hakuningoja. Tuliporudi alikuwa ameshampata kwa simu kijana anaitwa Ewoi, mwenye picha: ploti ya hamsini kwa mia, mbele ya ziwa Turkana, karibu na mahali mto Turkwel unapoingilia, ikiwa na mikoma kumi na minne. Ewoi alitaka malipo ya kwanza siku hiyohiyo, kwa sababu alikuwa na mnunuzi mwingine kutoka Nairobi. Vijana, yule mnunuzi wa Nairobi namjua tangu niko kwenye mbuzi. Hajawahi kufika.

Nilimwambia Mwalimu asubiri. Akasema amesubiri miaka ishirini na sita. Akaweka pesa kwenye bahasha, bahasha akaiweka mfuko wa shati, na safari hii Teresia akasema magoti yatajijua, anakuja.

Tulifika asubuhi, na nilichagua asubuhi makusudi. Upepo wa ziwa letu ni mkali asubuhi. Mchana hutulia na kila mtu anapapenda. Anayetaka kuishi na ziwa aanze kukutana nalo likiwa limekasirika. Upepo ukamvua Teresia kitambaa cha kichwa na kukipeleka ng'ambo. Hakukifuata. Alivua viatu, akaingia majini mpaka kwenye vifundo, akachota kwa kiganja akaonja.

"Yana magadi," akasema.

"Hayanyweki sana," nikamwambia. "Na tazama chini, kuna mamba."

"Sijasema nataka kuyanywa, Mama Ekal. Nimeyanywa ya kununua maisha yangu yote. Haya nataka kuyatazama."

Nikajua hapo kazi imekuwa ngumu, kwa sababu mteja aliyependa hana masikio. Ewoi alikuwa akitembea na utepe wa kupimia. Mimi nikaenda kuhesabu mikoma. Nikienda nilipata kumi na minne. Nikirudi nilipata kumi na minne na bibi mmoja, amekaa chini ya ule wa tisa, ameegemea shina kama mtu aliyeegemea ukuta wa nyumbani kwake. Nikamsalimu, ejok, naye akaitikia ejok, akasogea kidogo nipate kivuli. Aliitwa Nakiru. Nilipogeuka, Ewoi alikuwa amekwenda juu ya kilima cha mchanga kutafuta mtandao, kumbe ni mjukuu wa huyu bibi.

Hapa lazima nieleze neno moja, ekwar. Kwetu, kando ya mto na kwenye mdomo wake, familia huwa na miti yake. Kivuli, matunda, maganda yanayoangukia mbuzi, vyote ni vyao, na hurithishwa. Chini ya miti hiyo mchanga si wa mtu mmoja. Sheria za ofisini zinajua ardhi. Ekwar inajua mti. Mimi nilijifunza hilo kwa gharama. Siku zile za kuchimba mafuta Lokichar, kontrakta mmoja alitaka mahali pa kuegesha malori kando ya Turkwel, nami nikamtafutia, sikuuliza habari ya miti. Akakata migunga miwili. Kesho yake akaja mzee, hakugomba, akakaa juu ya kisiki na kuomba chai. Alikaa siku tisa. Siku ya kumi nikalipa mbuzi sita, na kamisheni yangu ilikuwa ya thamani ya mbuzi wanne. Tangu hapo sijawahi kuuliza bei kabla ya kuuliza mti.

Basi tukakaa kwa Bibi Nakiru, Mwalimu na Teresia wakaja nao. Bibi akataka kujua mjukuu wake anauza nini.

"Anasema anauza ploti," nikamwambia.

"Ploti ni nini?"

"Ni huu mchanga. Kutoka kwa kile kigingi mpaka kile."

Akafikiri. Upepo ulikuwa unapita miguuni mwetu na mchanga wenyewe ulikuwa unapita nao.

"Mchanga upepo inahamisha kila siku," akasema kwa Kiswahili, ili Mwalimu asikie. "Huyu anauza ya leo ama ya kesho?"

Mwalimu alikuwa na mkono juu ya mfuko wa shati. Akaushusha polepole, akauweka gotini. Nimeona watu wengi wakipoteza pesa. Huyu nilimwona akiziokoa, na sura ni ileile. Akamwangalia mkewe, sidhani kama aliwahi kumwangalia kwa woga vile. Akasema, "Teresia, hapa hakuna cha kununua."

Nilingoja alie, au amkumbushe ahadi. Yeye akamgeukia bibi.

"Na mtu akitaka kukaa tu?"

"Kukaa ni kitu ingine," Nakiru akasema. "Kukaa naweza kupatia mtu."

Masharti akayataja kwa vidole, na mimi kwa mazoea nikayahesabu mara mbili. Wasikate mti. Wasiwafukuze mbuzi wake wanapokuja kuokota matunda. Ziwa likija, waondoke mbele yake bila kubishana nalo. Na kila mwaka waje na sukari na tumbako waombe upya.

"Tukikosa kuomba utatufukuza?" Mwalimu akauliza.

"Hapana. Lakini mimi napenda kuulizwa."

Wanawake wa pale walijenga kibanda kwa siku nne, fito na makuti ya mkoma, mlango mmoja, umetazama ziwa. Mwalimu alichukua kile kiinua mgongo akanunua ploti Lodwar mjini, juu penye mawe, yenye hatimiliki, akajenga nyumba ya vyumba vitatu. Aliinunua kupitia kijana mmoja wenu aliyemtoza asilimia tano. Mimi ningemtoza nne. Sikusema kitu wakati ule, nasema sasa.

Tangu hapo ziwa limekuja mara mbili. Mara zote mbili kibanda kilifunguliwa asubuhi, kikabebwa na punda, kikasimama tena jioni hatua sitini nyuma. Nasikia Longech, kijiji cha wavuvi hukohuko ziwani, kuna watu wamehama mara nyingi kuliko hivyo. Teresia anasema kila mahali papya ni pazuri kuliko pa zamani, na ingawa nyumba ya mawe iko mjini na kitanda chake, wiki tatu kati ya nne hulala pale kwenye makuti. Ewoi aliacha kuuza mchanga. Sasa anauza samaki, biashara ambayo angalau inanuka wazi.

Mimi sikupata kamisheni yoyote ya ziwa lile. Napelekewa samaki kila mwezi, na mimi huwapelekea maziwa. Ya ngamia.

Ila kuna jambo limekwama, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Magoti ya Teresia yamezidi. Mchanga unaozama chini ya mguu unamuumiza kila anapoinuka, na akianguka Mwalimu hana nguvu ya kumwinua. Anataka sakafu ya saruji, ndogo tu, ya kutoka kitandani mpaka mlangoni. Bila hiyo daktari anamtaka arudi mjini, kwenye nyumba ya mawe, ambayo mlango wake unatazama kituo cha petroli. Mwalimu ameshanunua mifuko sita. Bibi Nakiru amekataa. Anampenda Teresia, wanagawana hata tumbako, lakini ameniambia waziwazi: "Saruji ni mtu anasema haendi." Na ninamwelewa. Teresia naye namwelewa. Kila mmoja amenituma kwa siri nikamlainishe mwenzake, na mimi niliyewahi kupatanisha watu kwa vidole chini ya shuka sioni bei ya katikati kati ya saruji na mchanga.

Nimejaribu jamvi, linazama na fimbo inalitoboa. Nimejaribu mbao, zikapinda kwa jua ndani ya wiki mbili, moja ikamkwaza. Mfuko mmoja wa saruji umeanza kuganda stoo, na Mwalimu ameanza kuuangalia kama mtu anayetaka kufanya jambo bila kuuliza. Akilifanya, watapoteza kivuli, na Teresia atapoteza mlango wake.

Ninyi mnaosomea ujenzi na useremala hapa Lodwar, na ninyi mafundi wa kambini Kakuma mnaotengeneza kila kitu kwa vipande, nishaurini. Kuna sakafu inayofunguka vipande vipande, ngumu ya kutosha goti la mama mmoja, nyepesi ya kutosha kumwambia mama mwingine kwamba tutaondoka ziwa likija? Mwenye wazo aje anieleze, hata kama ni wazo baya, nitalitoa makosa. Chumba ni futi kumi kwa kumi na mbili. Punda wapo.